Mheshimiwa: Mtendwa au Mwenye Cheo?

Miongoni mwa maneno yanayotumika sana maofisini na mikutanoni ni "mheshimiwa". Lakini kutumika sana si hoja ya kutumika vyema, na yafaa tulitazame neno lenyewe kabla ya kumtazama aitwaye kwalo.

Neno hili limeundwa kutokana na kitenzi "heshimu" katika kauli ya kutendwa. Kwa umbo ni ndugu wa "mtuhumiwa" na "mshitakiwa". Hakuna mtuhumiwa pasipo wa kumtuhumu. Kadhalika hakuna mheshimiwa pasipo wa kumheshimu. Heshima hiyo, basi, hutoka kwa msemaji, wala si mali ya asemwaye. Ndiyo maana mtu asimamapo na kusema, "Mimi ni Mheshimiwa Fulani", au ajiandikiapo hivyo chini ya sahihi yake, sikio hukataa: amejitwalia kitu ambacho sarufi imeagiza apewe na wenzake. Hata yule anayemwita rafiki yake "mheshimiwa" kwa utani analijua jambo hili kuliko yeye, kwani angalau anampa mwingine.

Kosa la pili ni la wafasiri na waandishi wa kumbukumbu. Diwani, mbunge, waziri, balozi, jaji na Rais, wote huitwa "mheshimiwa". Katika kuitana hapana dhara. Lakini waraka usemao "waheshimiwa watalipwa posho" haumwambii mhasibu amlipe nani. Hapo neno la adabu limegeuzwa kuwa istilahi ya cheo, na cheo chenyewe kimepotea. Wala si kwamba lugha yetu haijui kupambanua: meya huitwa mstahiki, askofu mhashamu, kardinali mwadhama.

Wako wanaotaka neno hili liachwe, turejee kwenye "ndugu", lililoenea Tanzania baada ya Azimio la Arusha la 1967 na ambalo bado husikika katika vikao vya Chama cha Mapinduzi. Sioni haja hiyo. "Ndugu" husawazisha, "mheshimiwa" hutukuza. Kila moja lina kazi yake. Kinachotakiwa ni mipaka. "Mheshimiwa" liwe neno la kumwita mwingine, lisiwe la kujiita. Na katika sheria, mikataba na nyaraka za malipo, cheo kitajwe kwa jina lake: mbunge awe mbunge, na diwani awe diwani. Heshima haitapungua kwa hilo, ila utata utapungua.