Kwekwe Hewani: Uhakiki wa Orodha ya Maneno ya Chuki kama Kigezo cha Maadili katika Redio za Jamii nchini Kenya

Udhibiti wa mwenendo wa watangazaji na maudhui ya vipindi katika redio za jamii umezoeleka kujadiliwa kama suala la sheria na leseni. Makala haya yanalihakiki kama suala la lugha. Hoja inayotetewa ni kwamba orodha ya maneno yaliyokatazwa, hata ikiandaliwa kwa nia njema, haitoshi kuwa kigezo cha maadili ya utangazaji, kwa kuwa chuki hujengwa na matumizi ya neno katika muktadha.

Mnamo Aprili 2022, miezi minne kabla ya uchaguzi mkuu, Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ilitoa orodha ya maneno na misemo iliyoonekana kuchochea chuki. Miongoni mwa maneno ya Kiswahili yaliyotajwa ni madoadoa, kwekwe na mende. Hofu ya Tume ilikuwa na msingi. Mwaka 2008, tume ya uchunguzi iliyoongozwa na Jaji Philip Waki ilizitaja baadhi ya redio za lugha za kiasili miongoni mwa waliochochea uhasama wakati wa uchaguzi wa Desemba 2007. Neno madoadoa lilikuwa limetumika katika Bonde la Ufa kuwaita majirani wa makabila mengine waliohesabiwa kuwa wageni. Mende nalo linakumbusha neno la Kinyarwanda lenye maana hiyo hiyo, lililotumiwa na redio ya RTLM dhidi ya Watutsi katika mauaji ya kimbari ya 1994.

Pamoja na historia hiyo, orodha ina udhaifu wa msingi. Kwekwe ni gugu la shambani. Mtangazaji wa kipindi cha kilimo hawezi kufundisha palizi ipasavyo huku akiliogopa neno hilo. Bwana mifugo atamweleza vipi msikilizaji ng'ombe mwenye madoadoa? Afisa wa afya atazungumziaje usafi wa jikoni bila kutaja mende? Kwa upande mwingine, mchochezi hahitaji hata neno moja kati ya hayo. Kiswahili kina hazina kubwa ya mafumbo, vijembe na mipasho, nayo humwezesha msemaji kumchoma mlengwa bila kumtaja. Tuchukulie kwamba mpiga simu anasema, siku chache kabla ya kura, kuwa mgeni aliyeshiba hukumbuka kwao. Hakuna neno lililokatazwa hapo, lakini mtaa mzima umeelewa nani anaambiwa afungashe.

Katika Nadharia ya Vitendo Uneni, ambayo msingi wake ni mihadhara ya Austin iliyochapishwa mwaka 1962, kusema ni kutenda, na tendo hupimwa kwa dhamira ya msemaji na mazingira ya usemi. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008 inakaribiana na mtazamo huo. Kifungu cha 13 kinamtia hatiani anayetumia maneno ya vitisho, matusi au dharau akikusudia kuchochea chuki ya kikabila, au pale ambapo, kwa kuzingatia mazingira yote, chuki hiyo inaelekea kuchochewa. Kwa hiyo, orodha inayosomwa pasipo muktadha ina upeo mfinyu kuliko sheria iliyoiunda Tume yenyewe.

Watetezi wa orodha wanaweza kujibu kwamba redio za jamii hutegemea sana vijana wa kujitolea wasio na mafunzo ya kutosha, na kwamba karatasi iliyobandikwa ukutani studio ni rahisi kukumbukwa. Jibu hili lina uzito. Katika vituo kama Koch FM ya Korogocho na Pamoja FM ya Kibera, jijini Nairobi, mtangazaji huishi mtaa mmoja na wasikilizaji wa makabila mbalimbali, na kosa la dakika moja hewani linaweza kumfuata hadi mlangoni kwake. Hata hivyo, karatasi hiyo humpa utulivu wa uongo: atamkatiza mkulima na kumwacha mchochezi aendelee. Orodha ingefaa zaidi kama somo la historia, kila neno likielezwa lilitumiwa na nani, dhidi ya nani na kwa matokeo gani.

Kinachohitajika ni kulinoa sikio la mtangazaji. Kabla ya kuamua kumkatiza mpiga simu, ajiulize: anayesema ni nani, anamlenga nani, na kwa nini sasa? Kituo nacho kimsaidie kwa kuchelewesha matangazo ya moja kwa moja kwa sekunde chache, kuhifadhi rekodi, na kurekebisha kosa katika kipindi kile kile lilikotokea. Kamati ya vipindi nayo ishirikishe watu wa makabila na rika zote za mtaa. Wazee watatambua kijembe cha methali, vijana watatambua Sheng iliyozuka juzi, na wale wanaolengwa na fumbo mara nyingi ndio wa kwanza kulifumbua. Bila watu hao mezani, kituo kinaweza kutimiza kila sharti lililoandikwa na bado kikawa kipaza sauti cha chuki.