Uaminifu kama Kipimo Kisichotosha: Riwaya na Filamu ya Vuta N'kuvute

Riwaya ya Adam Shafi, Vuta N'kuvute, ilichapishwa na Mkuki na Nyota mwaka 1999. Mwaka 2021 mwongozaji Amil Shivji aliitolea filamu ya dakika 92 yenye jina hilohilo, na mwaka uliofuata filamu hiyo ikaiwakilisha Tanzania katika kuwania tuzo za Oscar. Tangu hapo, mazungumzo ya wasomi wa Kiswahili kuhusu kazi hizi mbili yamekuwa yakirejea swali moja: je, filamu imekuwa aminifu kwa riwaya? Sehemu hii inajenga hoja kuwa swali hilo, japo ni la haki, linatuzuia kuona faida kubwa na hasara kubwa zilizopatikana katika uhamishaji huo.

Chanzo cha swali hilo hakiko mbali. Vuta N'kuvute imesomwa na wanafunzi wengi wa kidato cha tano na cha sita, na uhakiki wanaofunzwa huko ni ule wa fani na maudhui: muundo, mtindo, wahusika, mandhari, dhamira, ujumbe, na mwishoni kufaulu na kutofaulu kwa mwandishi. Orodha hiyo ina manufaa yake, kwani humpa mwanafunzi pa kuanzia. Tatizo huja inapovuka mpaka wa darasa bila kuhojiwa. Hapo filamu hugeuzwa mtahiniwa, na riwaya ikawa mwongozo wa kusahihishia. Kila tukio lililoachwa linakatwa alama, kila lililobaki linapewa vema.

Tumtazame Mwajuma. Katika riwaya, yeye ni mwimbaji wa taarabu na mwanamke wa hali ya chini anayempokea Yasmin baada ya binti huyo kumkimbia Bwana Raza, mume mzee aliyeozwa kwake. Msomaji huupata uimbaji wake kupitia maneno ya msimulizi. Mahadhi inampasa ayajaze mwenyewe, kwa kadiri ya taarabu aliyowahi kuisikia. Katika filamu, Mwajuma anaigizwa na Siti Amina, ambaye mwenyewe ni mwanamuziki wa Zanzibar. Kwa orodha ya darasani, badiliko hili halina pa kuandikwa, isipokuwa labda chini ya matumizi ya tanzu nyingine za fasihi. Ilhali taarabu, kwa desturi yake, ni tendo: fumbo hutupwa, mlengwa hulipokea, msikilizaji huinuka akatunza. Mwajuma hana mali wala cheo. Alicho nacho ni sauti. Sauti hiyo inaposikika, hadhira inaelewa bila kuelezwa kwa nini nyumba yake inaweza kuwa kimbilio, na kwa nini Yasmin anaweza kujifunza humo namna nyingine ya kuwa mwanamke. Jambo ambalo riwaya inalieleza, filamu inalitenda.

Hasara nayo ipo, na ni nzito kuliko wanaohesabu matukio wanavyodhani. Msimulizi wa Shafi ni msimulizi maizi: anaingia mawazoni mwa Yasmin, anamfuata hadi Mombasa na Tanga, na hamwachi baada ya penzi lake na Denge. Yasmin wa riwaya anaolewa tena, na Shihab, kisha na Bukheti. Filamu, kwa ufupi wake, imekaza macho kwenye penzi la Yasmin na Denge na kwenye harakati za Denge dhidi ya Waingereza. Mhakiki wa uaminifu ataandika kuwa baadhi ya safari na ndoa zimepunguzwa, kisha ataendelea. Lakini safari na ndoa hizo zilikuwa zinabeba hoja. Jina la riwaya linatokana na kuvutana, na kuvutana huhitaji muda: huku unavutwa, kule unavutwa, kamba inarudi. Uhuru wa Yasmin katika riwaya haupatikani kwa kutoroka mara moja, wala haukamilishwi na mwanamume mmoja, hata awe mwanamapinduzi. Penzi na ukombozi wa nchi vinapofungwa katika fundo moja, kama filamu inavyoelekea kufanya, uhuru wa Yasmin unategemea zaidi hatima ya Denge.

Kwa hiyo, swali lenye tija ni hili: kila kilichobadilishwa kilikuwa kinafanya kazi gani katika riwaya, na kazi hiyo sasa inafanywa na nini? Kwa Mwajuma, jibu linaipa filamu sifa ambayo riwaya haikuweza kuipata. Kwa Yasmin, jibu linaonesha pengo ambalo uso wa mwigizaji, hata uwe fasaha kiasi gani, hauwezi kuliziba peke yake.

Suala hili lina uzito kwa taaluma yetu. Wapo watazamaji watakaomjua Yasmin kwenye skrini kabla ya kumsoma, na wengine hawatamsoma kabisa. Lugha yetu ya uhakiki ina msamiati mpana wa vina, mizani na tamathali. Ikifika kwenye ukimya wa mwigizaji, mkato wa picha au sauti inayosikika kabla ya mwenye sauti kuonekana, mara nyingi tunanyamaza au tunarudi kwenye dhamira. Msamiati huo utakua tukianza kueleza tunachokiona na kukisikia, kabla hatujaanza kutoa alama.