Hongera, Fundi wa Sebuleni

Binti yangu ana miaka 16, na tangu ajaliwe santuri za mjomba wake, nyumba yetu inaamka kwa saksafoni ya John Coltrane. Alianza na "Blue Train" ya mwaka 1957. Juzi alinivuta mkono hadi kwenye spika: "Baba, sikiliza matoazi. Si kama yako humu humu?" Nikafumba macho. Kweli, yalikuwa humu.

Sifa za wapigaji zimeshaimbwa sana. Pongezi zangu leo ni za fundi mitambo aliyerekodi santuri hiyo, Rudy Van Gelder. Mchana alipima watu macho. Akimaliza, sebule ya wazazi wake kule Hackensack, New Jersey, inageuka studio. Humo walipiga Coltrane, Miles Davis na Thelonious Monk. Mitambo aliishika kwa glavu, kwa heshima ile ya mtu anayejua anachokishika. Mwaka 1959 akahamia studio aliyoijenga Englewood Cliffs, na humo Desemba 1964 ikarekodiwa "A Love Supreme" ya Coltrane.

Siku hizi binti yangu akipata santuri, anageuza jalada kwanza, kidole kikishuka hadi kwenye maandishi madogo ya chini, kutafuta jina la fundi.