Somo Linalongoja Maji

Katika kijiji kimoja cha mashariki ya Unguja namjua mwalimu wa sayansi ambaye hapangi kipindi kabla hajauliza mwezi una siku ngapi. Huwauliza wanafunzi wenyewe, nao hawakosei, maana wametoka madrasa jana alasiri na hesabu ya mwezi wanayo vidoleni. "Kumi na sita," wanajibu kwa pamoja. Basi mwalimu anajua kwamba leo ni bamvua, siku za maji kujaa sana na kupwa sana, na huku kwetu maji ya bamvua hupwa asubuhi, kwenye saa nne au saa tano. Madaftari yanabaki juu ya madawati. Darasa zima linavaa viatu vya plastiki na kushuka pwani.

Nimefuatana nao mara kadhaa, na kila mara nimerudi na hakika ile ile: kufundisha sayansi ya bahari ni ufundi kamili, kama ulivyo ufundi wa kuunda mashua. Una zana zake, adabu zake na miiko yake. Kiini chake ni kumwonyesha mtoto kwamba alichokuja nacho kutoka nyumbani ndio mwanzo wa sayansi.

Somo la kwanza halifiki hata pwani. Mwalimu huwasimamisha watoto mbele ya ukuta wa nyumba ya zamani, pale chokaa ilipobanduka, na kuwapa kioo cha kukuzia, kimoja kwa watoto watano. Ukitazama kwa karibu utaona jiwe limejaa vitundu vidogo vilivyopangana kama sega la nyuki. Ndani ya kila kitundu mna kuta nyembamba zinazokutana katikati, mfano wa spoki za gurudumu la baiskeli. "Nani katoboa?" anauliza. Mmoja anasema mvua, mwingine anasema dudu, wa tatu anasema fundi. Mwalimu hamsahihishi yeyote. Anangoja, na huko kungoja ndiko kugumu zaidi katika kazi yake. Mpaka msichana mmoja aliyeng'ang'ania kioo anasema polepole, "Havikutobolewa, Mwalimu. Vimejengwa."

Hapo ndipo anaposema. Kila kitundu kilikuwa nyumba ya mnyama mdogo mwenye mdomo uliozungukwa na minyiri. Mnyama huyo alichukua chokaa iliyoyeyuka katika maji ya bahari, akajijengea kikombe cha jiwe, akafa, na wenziwe wakajenga juu yake. Matumbawe, basi, ni kazi ya wanyama. Bahari ilipokuwa juu kuliko leo walijenga hapa tulipo. Iliposhuka, mwamba ukabaki mkavu, na wazee wetu wakauchimba wakajengea nyumba. Hata kuta za Mji Mkongwe ni za jiwe hilo hilo. Mtoto aliyeegemea ukuta huo tangu azaliwe anaondoka akiugeukia mara mbili mbili.

Pwani, maji yameshaondoka. Mwamba umebaki na vidimbwi, na hapa methali ya maji ya kifuu kuwa bahari ya chungu inakuwa kweli tupu, kwa sababu kila kidimbwi ni bahari nzima yenye wakaazi wake. Darasa linachutama kukizunguka kimoja. Mwalimu anamwinua kiti cha pweza kwa viganja viwili na kumlaza chali majini. Watoto wamemjua mnyama huyu maisha yao yote, wamempiga teke mchangani, lakini hawajapata kumtazama tumboni. Sasa wanaona mamia ya vijiguu laini, vyeupe, vinatoka na kupapasa. Mkono mmoja unajikunja mpaka unagusa mchanga, unashika, unavuta. Na baada ya dakika kadhaa, bila haraka, mnyama mzima amejigeuza. Hakuna aliyesema neno. Ndipo wanapoambiwa kuwa kiumbe huyu hana damu kama yetu, na kwamba vijiguu vile vinasukumwa na maji ya bahari yapitayo katika mifereji ya mwili wake.

Halafu linageuzwa jiwe. Upande wa juu ni mkavu na unaonekana kama mtupu. Upande wa chini umeshonana kwa uhai: sifongo za rangi ya chungwa, kaa wadogo kama punje ya mtama, utando wa mayai ya samaki. Mwalimu anahesabu mpaka kumi, kisha analirudisha taratibu, upande ule ule, mahali pale pale. Ukiliacha limegeuka, anasema, jua litawaua wa chini, na wa juu watakosa mwanga. Sijaona somo la hifadhi lililo fupi kuliko hilo. Hakuna hotuba ndani yake. Baadaye watoto hurudisha mawe bila kuambiwa, na nimewaona wakiyarudisha hata yale waliyoyakuta yamegeuzwa na wengine.

Adabu hiyo ndiyo inayomwezesha mtoto kupokea habari nzito. Mwaka 1998 maji ya Bahari ya Hindi yalipata joto lisilo la kawaida, na matumbawe mengi ya Afrika Mashariki yakapauka na kufa. Mnyama yule mdogo huishi na mimea midogo mno ndani ya mwili wake, nayo humpa rangi na sehemu kubwa ya chakula chake. Joto likizidi huitoa, akabaki mweupe mwenye njaa. Mtoto aliyeambiwa hayo darasani huyakariri kwa mtihani. Aliyeuona ukuta na kulirudisha jiwe huuliza, "Ikawaje kwa samaki?" Swali lake ni la mtu aliyefiwa na jirani.

Wenye ufundi huu hawatoki vyuoni tu. Kusini-magharibi ya mji wa Zanzibar kuna kisiwa cha Chumbe, chenye mnara wa taa wa mwaka 1904, ambacho mwamba wake ulitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1994. Wanafunzi wa shule hupelekwa huko wakavalishwa maboya na miwani ya kuogelea, wakaelea juu ya matumbawe yaliyo hai. Miongoni mwa walinzi wake walikuwamo wavuvi. Mtu aliyewinda pono kwa miaka mingi anajua pono analala wapi na anatafuna nini. Akishaelezwa kwamba matumbawe yaliyosagwa kinywani na tumboni mwa pono ndiyo yanayotoka yakiwa mchanga, hasahau tena, na atakavyomsimulia mtoto si kama atakavyosimulia mtu aliyesoma kitabuni.

Shida ipo, nayo ni ya lugha. Sekondari sayansi huja kwa Kiingereza, na mtoto anayejua bamvua na maji mafu, yale yasiyojaa wala kupwa sana, hujikuta hana jibu kwa kuwa swali limekuja na majina mengine. Mwalimu ninayemzungumzia huandika majina yote mawili ubaoni, la nyumbani likitangulia. Hataki mwanafunzi adhani kwamba alizaliwa mjinga.

Siku moja darasa lilisimika mti wenye alama karibu na zinapofungwa ngalawa, likaona maji yamekomea kupwa saa 4:10. Kitabu kinasema maji huchelewa dakika 50 kila siku, kwa kuwa mwezi nao huchelewa kuchomoza. Wakapiga hesabu: kesho yatakomea saa 5:00. Msichana yule wa kioo akaipeleka hesabu nyumbani kwa bibi yake, ambaye amechokoa pweza mwambani tangu usichana wake. Asubuhi akarudi na ujumbe. "Mwalimu, bibi anasema saa tano hamtayakuta. Siku za bamvua maji hayachelewi hivyo."

Mwalimu akalipeleka darasa mapema. Ilipofika saa 4:45 maji yalikuwa yamesimama kwenye alama. Muda mfupi baadaye yakaanza kurudi. Dakika 50 ni wastani wa mwezi mzima: siku za bamvua kuchelewa hupungua, siku za maji mafu huzidi hata kupita saa nzima, kwa sababu jua nalo linavuta. Bibi hakuwa na mti wenye alama. Alikuwa na miaka hamsini ya kuwahi na kuchelewa.

Mwalimu alifuta hesabu ya jana ubaoni, akaandika mpya, na chini yake akaandika jina la aliyesahihisha. Bamvua iliyofuata, darasa liliposhuka pwani, bibi yule alikuwa ametangulia, amekaa juu ya mwamba na kikapu chake, anawangoja wanafunzi.