Mlima wa Mbiti Hauna Baridi

Ukiamka mapema Embu mjini, kabla mawingu hayajapanda, mlima unaonekana wote. Matatu za kwenda Meru zinaupita kama bango la matangazo. Jumapili ndiyo unakumbukwa. Mhubiri ananyoosha mkono upande wake, anataja Zaburi ya 19 na Warumi 1:20, kisha anauliza: ule aliuumba nani? Kanisa linajibu kwa sauti moja. Halafu tunaingia kwa sadaka.

Hoja hiyo, kwamba Mungu asiyeonekana hujulikana kupitia vitu alivyoviumba, ilipata wakili mkubwa hapa kwetu: John Mbiti, kasisi wa Kianglikana aliyezaliwa Kitui mwaka 1931. Kitui ndiko Krapf alikokuwa alipouona Mlima Kenya mwaka 1849, kwa hivyo Mbiti hakuwa mgeni wake. Katika Concepts of God in Africa (1970) alikusanya yale ambayo karibu jamii 300 za Afrika husema kuhusu Mungu. Mimi nilikisoma kwa fotokopi baada ya kuachana na chuo mwaka wa pili, kwa hivyo hakuna mhadhiri aliyeniambia nikiheshimu. Nakiheshimu tu. Wazee wetu walikuwa wameambiwa kwamba hawakumjua Mungu, na Mbiti akaja na ushahidi wa mvua, radi, jua na milima. Hawakuabudu mlima, alisisitiza. Walimjua mwenyewe.

Shida yangu ni mpangilio. Kitabu kinaanza na sifa: Mungu ajuaye yote, aliye kila mahali, mwenye uwezo wote. Vitu vilivyoumbwa vinakuja baadaye, kama shahidi anayeitwa kortini kuthibitisha taarifa ambayo polisi wameshaiandika. Jamii moja inapewa sentensi yake, inatoka, nyingine inaingia. Unafunga kitabu ukijua kwamba mlima unakubaliana na katekisimu, lakini hujasikia baridi yake hata kidogo.

Okot p'Bitek aliliona hili mapema. Katika African Religions in Western Scholarship, kilichotoka pia mwaka 1970, aliwashtaki Mbiti na wenzake kwa kuivika miungu ya Kiafrika nguo za Kigiriki ili ipendeze mbele ya Wazungu. Okot ana ngumi, na mimi hufurahia ngumi zake. Lakini akishapiga, anaondoka. Mkristo wa Runyenjes anayemwita Ngai kila jioni utamwambia nini? Kwamba jina lake limevalishwa suti, basi? Yeye bado anaomba, na mlima bado uko pale.

Ningeanza na majina. Waembu humwita Mungu Ngai, na pia Mwene Njeru, mwenye weupe. Mlima wenyewe ni Kirinyaa kwao na Kirimara kwa Wameru, na majina yote mawili yanabeba ule mng'ao wa juu. Zamani Waembu walijenga nyumba milango ikiutazama. Sasa, nani hujenga mlango akiangalia hoja? Huko ni kumjua Mungu kwa mazoea ya macho, kila asubuhi, kabla ya uji. Na si macho tu. Rupingazi, Thuci na Kathita zinashuka kutoka kule hadi Tana, na Tana inapita Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Huenda hata chaji ya simu unayosomea hapa imetoka huko.

Na weupe wenyewe unaisha. Theluji ya msimu bado hutua na kuondoka, ila barafu ya kudumu imeyeyuka sehemu kubwa, na ile ya Lewis, iliyokuwa kubwa kuliko zote, imebaki mabaki. Kama mlima ni shahidi tu, hakuna hasara: taarifa ilishaandikwa, na hoja ya Mbiti inasimama hata kilele kikiwa na upara. Lakini kama watu walijifunza kumtaja Mungu kwa kuangalia weupe ule, basi kinachoyeyuka ni pamoja na kile walichokijua. Swali hilo halina pa kukaa katika kitabu chake.

Wangari Maathai analikaribia. Katika Unbowed (2006) anasimulia jinsi mamake alivyomkataza kuokota kuni kwa mugumo, kwa sababu ni mti wa Mungu. Baadaye akaelewa kwamba mizizi yake ilishika udongo na kuyapa maji ya chini njia ya kutokea. Mti ukakatwa, chai ikapandwa, kijito kikakauka. Kumjua Mungu na kujua maji vilikuwa kitu kimoja, na mtoto alifundishwa vyote kwa katazo moja. Replenishing the Earth (2010) inakaribisha dini nyingi mno kwa meza moja, na mimi naona mugumo ule peke yake ulisema zaidi.

Serikali ilisimamisha ukataji wa miti misituni mwaka 2018, ikaruhusu tena 2023. Paulo anaimalizia ile aya ya Warumi kwa kusema kwamba walioviona vitu hivi hawatakuwa na la kujitetea. Nusu hiyo sijawahi kuisikia ikihubiriwa kati ya Embu na Meru, na barabara hiyo nimeipita sana.