Kesi ya Muleba na Vyanzo vya Insha ya Ubaguzi

Mwanafunzi wa Nshambya, mjini Bukoba, akipewa insha kuhusu ubaguzi katika jamii, mara nyingi hukimbilia mifano ya Marekani au Afrika Kusini. Hana haja ya kwenda mbali. Wilaya ya Muleba ina kesi inayotosha kubeba insha nzima: Ephrahim dhidi ya Pastory.

Mwaka 1988 Pastory, mwanamke mzee aliyeachiwa ardhi ya ukoo na baba yake kwa wosia, aliiuza kwa shilingi 300,000 kwa mtu wa nje ya ukoo. Ndugu wa ukoo, Ephrahim, akashtaki katika Mahakama ya Mwanzo Kashasha, akidai kuwa kwa mila ya Wahaya mwanamke hawezi kuuza ardhi ya ukoo. Kashasha ilimpa ushindi, Mahakama ya Wilaya ikatengua, na mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, akaitupa rufaa ya Ephrahim.

Chanzo cha kwanza cha insha hiyo ni hukumu yenyewe, ambayo husomwa bure kwenye tovuti ya TanzLII. Mihtasari mingi husema mahakama iliwapa wanawake haki ya kurithi. Ukiisoma hukumu, unaona kuwa mama huyo alikwisha kurithi; ugomvi ulikuwa juu ya kuuza. Tena, jaji hakuifuta haki ya ukoo kukomboa ardhi kwa kumrudishia mnunuzi fedha zake. Alichokataa ni mwanamke kuwekewa masharti tofauti na ya mwanamume.

Cha pili ni kanuni iliyobishaniwa, yaani kanuni ya 20 ya mirathi katika Tangazo la Serikali namba 436 la 1963. Isome sambamba na ibara ya 13 ya Katiba, inayokataza ubaguzi.

Cha tatu kimo vitabuni. Mwombe mkutubi akuonyeshe rafu zenye namba 305, 340 na 967.8, na usitafute kwa neno “ubaguzi” peke yake. Jaribu pia mirathi, ardhi ya ukoo na sheria za mila. Kitabu cha Hans Cory na Hartnoll kuhusu sheria za mila za Wahaya kilitoka mwaka 1945, na nyaraka za Cory zimehifadhiwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Cory alikuwa mwanasosholojia wa serikali ya kikoloni. Kwa hiyo uliza: nani aliulizwa mila ni ipi, na nani alinufaika na jibu lake?

Hapo ndipo wanafunzi wengi hukwama. Kanuni ya 1963 ni chanzo cha kuaminika kabisa, na papo hapo ndiyo iliyobeba ubaguzi. Uaminifu wa chanzo hupimwa kwa kile kinachoweza kuthibitisha, wala si kwa uzuri wa maoni yake. Inukuu kama ushahidi wa jinsi ubaguzi ulivyoandikwa kuwa sheria, usiinukuu kama maelezo ya maumbile ya mwanamke.

Mwisho, fuatilia yaliyotokea baadaye. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikataa kuzifuta kanuni hizo katika shauri la wajane wawili, na mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa haki za wanawake ikaona kuwa Tanzania ilikiuka haki zao. Insha itakayosema suala hili lilimalizika Mwanza mwaka 1990 itakuwa imepotosha, hata kama kila nukuu yake ni sahihi.