Gower Jukwaani: Deni la Shakespeare kwa Malenga wa Kale

Wengi wetu tulimjua Shakespeare kwa tafsiri za Mwalimu Nyerere, Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi, zilizotolewa mwaka 1969. Kwa kuwa tumezoea kumsifu, hudhani kila alichoandika kilichipuka kichwani mwake. Mchezo wa Pericles, uliochapwa mwaka 1609, wakanusha dhana hiyo waziwazi.

Humo mtawala wa Tiro ampoteza mkewe baharini, kisha aambiwa binti yake amekufa, na baada ya miaka mingi awapata wote wawili. Kisa hiki alikwisha kukitunga kwa mashairi John Gower, malenga wa Uingereza aliyefariki mwaka 1408, katika utungo wake mrefu Confessio Amantis. Gower naye alikikuta kikisimuliwa kwa Kilatini tangu kale.

Kukopa kisa lilikuwa jambo la kawaida. La ajabu ni kwamba mkopaji amemleta jukwaani mdai wake. Gower, aliyekwisha kulala kaburini miaka 200, afungua mchezo, arejea kila sehemu kuturusha miaka na bahari, kisha aufunga. Husema kwa mishororo mifupi yenye vina, akiiga ile ya Gower mwenyewe, ambayo ina silabi nane. Msomaji wa tenzi zetu hatauona mwendo huo kuwa mgeni, ingawa Kiingereza hupima pia kwa mkazo.

Ben Jonson aliubeza mchezo huu kuwa kisa kikuukuu. Sisi hatukubaliani naye, maana ukale ndio uliokusudiwa. Udhaifu uko kwingine: sehemu za mwanzo, ambazo wataalamu wengi huzihesabu kuwa kazi ya George Wilkins, zina lugha iliyopooza. Yupo mwalimu atakayesema kwamba mtambaji katika tamthilia ni dalili ya uvivu. Na atazame baba na Marina wanapotambuana merikebuni. Hapo Gower amekwisha kutuonyesha mahali, naye ajitenga; hatusimuliwi hata neno moja la mkutano wao. Dhoruba na miaka aliachiwa mtambaji, machozi wakaachiwa wahusika.

Kaburi la Gower lipo hadi leo katika kanisa la Southwark, karibu na palipokuwa na jumba la michezo la Globe, na sanamu yake imelaza kichwa juu ya vitabu vyake vitatu. Katika kanisa hilohilo alizikwa Edmund, mdogo wake Shakespeare, mwaka 1607.